Tulioshika Ungo

Rudewa, Kilosa
4 Mei 2025

Lea,

Marahaba, ingawa hujaniamkia. Hii naitikia shikamoo ya mwaka jana, maana ya mwaka huu sijaisikia. Idd imepita. Paa la jiko limeanguka na limeezekwa tena. Mahindi yamebeba. Wewe huonekani. Nikiulizwa mjukuu wako yuko wapi nasema Mikumi, watu wanacheka, wanadhani nakufichia mimba. Mikumi! Ungekuwa Ulaya ya ng'ambo ningenyamaza. Lakini Ulaya yetu hii, kijiji cha hapa Kilosa njia ya Mikumi, basi linaipita asubuhi, na adhuhuri liko mlangoni kwangu. Namwona dereva wake, Ditram, kila siku anashusha abiria wa watu wengine. Abiria wangu mimi yuko wapi?

Usiniambie habari ya simu. Simu unasema kwenye sikio langu bovu, na mimi najibu kwa kelele mpaka mtaa mzima unajua nimekula nini. Ndiyo maana nimemkalisha Devotha aandike. Ni mke wa Seni, wale wafugaji Wasukuma walioweka maboma ng'ambo ya mto. Ananiletea maziwa. Nimemwambia aandike kila neno, hata nikimsema yeye. Hawa wakuja ng'ombe wao walikula mahindi yangu mwaka juzi, lakini nasikia mwandiko wake mzuri. Amecheka. Andika kwamba umecheka.

Sasa ujumbe wako. Ditram kasimamisha basi zima, kasema, "Bibi, Lea anataka ule ungo wa tambiko, auweke kwenye maonyesho yake ya watumwa." Nikamwambia rudia. Akarudia, na abiria wote wanasikiliza.

Ungo sitoi. Unaujua ni wa kazi gani. Mzee Mwinshehe na ukoo wake wakienda makaburini kumwaga unga, kuwaomba waliotangulia wasemee mvua, sisi ndio tunabeba ungo. Bibi yangu aliubeba, mama yangu akaubeba, mimi, mama yako mpaka Mungu alipomchukua, na wewe ulipokuwa na miaka tisa. Mwalimu wa madrasa hapendi, lakini mvua ikichelewa hata yeye anapita njia ya mbali ili asituone. Kitu cha namna hiyo hakitundikwi kwa ajili ya watalii.

Na hayo mambo ya watumwa yaache. Chora tembo. Mikumi mmejaaliwa tembo.

Unakula lakini? Mara ya mwisho shingo yako ilikuwa kama ya kuku wa kuhama.

Bibi yako,
Mwamvua
(Dole gumba langu hilo hapo, kwa wino wa Devotha.)

*

Mikumi
11 Mei 2025

Shikamoo Bibi. Hiyo ni ya mwaka huu. Na ya Idd, shikamoo. Na ya paa la jiko, shikamoo. Nisamehe. Dada Devotha, habari za huko; msomee taratibu, akikasirika mpe maziwa.

Bibi, mimi sichori. Nasokota. Unakumbuka ulivyonifundisha kusokota katani pajani mpaka ngozi ikawaka? Kazi yangu yote imetoka hapo. Tumepewa ghala la zamani la pamba kando ya barabara kuu, na humo nimesokota watu kumi na wawili, kimo cha mtu mzima. Wamefungwa kamba shingoni, wanatembea kwa mstari mmoja kutoka mlango wa magharibi kwenda wa mashariki, kama misafara ya watumwa ilivyopita huku kwetu kwenda pwani. Katani ni nyeupe, kwa hiyo wa kwanza aliposimama kila aliyeingia aliuliza, "Mbona mtumwa mzungu?" Nikawachemsha wote wapate rangi. Mmoja kwa magome, mmoja kwa tope la mto, mmoja kwa masizi ya sufuria. Hakuna wawili wenye weusi mmoja.

Nafanya kazi na mgeni, anaitwa Magreti, msanii kutoka Marekani. Ni mweusi kunizidi. Wazee wake walivushwa bahari wakauzwa huko, na hajui hata jina la mmoja wao. Siku ya kwanza sokoni watoto walimfuata wakiimba, "Mzungu! Mzungu!" Aliniuliza wanasema nini, nikamwambia wanakusalimu. Baadaye akaujua ukweli. Alikaa kwenye ngazi za ghala, akasema, "Kwetu naitwa mweusi kabla hawajaniuliza jina. Nimesafiri siku mbili nifike mahali nitakapoitwa mtu tu, na hapa naitwa mzungu." Nilimnunulia muwa tukala.

Ndipo nikaiona bahati yetu. Nimemtengeneza wa kumi na tatu. Yeye hana kamba shingoni. Amesimama kando, mikono ameitanguliza kushika ungo, anawatazama wanaopita. Huyo ni sisi, Bibi. Kibao chake kinasema: Mwanamke wa ukoo, mwenyeji, aliyebaki na ardhi yake na makaburi yake. Nimemwalika Mzee Mwinshehe afungue maonyesho tarehe 28 Juni. Amekubali, na atakisoma kibao hicho mbele ya watu.

Nilipokuwa mtoto nilikuuliza kwa nini tunashika ungo lakini unga hatumwagi. Ulinifinya. Nilikuja kuelewa mwenyewe ukubwani: mwenye ungo ndiye mkubwa, wengine wote wanachota kwake. Si ndiyo? Mikono ya sanamu iko wazi, Bibi. Nipe ungo.

Mjukuu wako,
Lea

*

Rudewa
25 Mei 2025

Lea,

Wiki mbili barua yako nimeilalia. Devotha amenisomea mara nne. Ya nne nikamwambia, funga mlango, chukua kalamu.

Si ndiyo. Umekosea, na kosa ni langu, maana ulipouliza nilitumia kucha badala ya mdomo.

Anayeshika ungo hana unga wake pale. Wanaomwaga ni wenye makaburi. Sisi tunasimama hatua tatu nyuma, wanachota, wanamwaga, tunarudi na ungo mtupu. Hakuna anayetutukana. Wana haja gani ya kututukana? Kila mwaka wakiniwekea ungo mikononi, wazee wote wanajua wamesema nini.

Bibi yangu mzaa mama hakuzaliwa hapa. Alipita na msafara, mtoto ambaye meno ya mbele yameng'oka na mengine hayajaota. Mguu ukavimba, wenye msafara wakachoka naye. Babu yake Mwinshehe akawapa jembe, wakamwachia mtoto. Jembe moja, Lea. Akalelewa humo, akakua, akaolewa humo humo. Unajua kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Sasa mama asiye na ukoo, watoto wake ni wa nani? Ni wa waliotoa jembe. Ndivyo tulivyoingia. Tukapewa shamba la mtoni, tukapewa salamu, tukapewa ungo.

Mwinshehe anayajua haya kama ninavyoyajua mimi. Akisimama mbele ya watu akute umeandika sisi ni wenyeji wenye makaburi, atakukana hapo hapo. Na akikasirika, shamba la mtoni liko kwenye ulimi wake. Na kaburi langu vilevile. Bibi yangu walimzika nje ya mstari wa mkonge unaozunguka makaburi, peke yake. Mama yangu walimwingiza ndani, kwa kuwa baba yake alikuwa wao. Mimi nataka nilale karibu na mama. Miaka themanini na moja, ndicho kitu nilichobakiza kukitaka.

Nilimkuta bibi huyo. Alikufa nina miaka minane. Kwake mbuzi hafungwi shingoni, anafungwa mguuni. Aliyefunga shingoni alipigwa mwiko, hata mumewe alipigwa. Na kila alipokaa kula ugali, alimega kwanza matonge mawili akayaweka ukingoni mwa sahani. Hakuyagusa. Akimaliza, anawapa kuku. Mawili, kila siku ya Mungu. Tulidhani ni ya mizimu.

Wao walimwita Wa Njiani. Jina lake aliniambia siku moja ananisuka, kichwa changu kiko magotini pake. "Mimi Kashindye." Basi. Nimelifunga kifuani zaidi ya miaka sabini, sijamwambia mume wala mtoto.

Nilipolitaja leo, Devotha aliweka kalamu chini.

"Bibi, umesema nani?"

"Umesikia."

"Hilo jina la kwetu."

Nikamwambia, wewe usiniletee, mmeshachukua malisho sasa mnataka na bibi yangu? Hakucheka. Akasema, "Kwetu mapacha wakizaliwa, ni Kulwa na Doto. Atakayezaliwa baada yao, tumbo linalofuata, huyo ndiye Kashindye. Mtoto hapewi hivi hivi. Mpaka wawili wawe wamemtangulia."

Maziwa yakafurika jikoni na hakuna aliyeinuka.

Kisha akasema, taratibu, "Matonge mawili."

Lea, alikuwa anawatengea wakubwa zake. Kulwa na Doto. Kutoka utoto wa mapengo hadi uzee wa mapengo, kila siku, katika nyumba ambayo hakuna aliyejua kwamba kuna watu wawili zaidi wanakula. Niko hapa naitazama sahani kama sijawahi kuona sahani. Hapo karatasi ilipolowa ni Devotha. Usiseme ni mimi.

Na hawa ndio niliowaita wakuja miaka kumi.

Kitoe kile kibao.

Mwamvua

*

Mikumi
1 Juni 2025

Shikamoo Bibi.

Kibao nimekitoa. Nimekipasua, nimechemshia chai.

Tangu barua ifike nakaa mbele ya yule mwanamke wa kumi na tatu, siwezi kumaliza kumtazama. Nilimsokota nikijisifu, na sikujua anamtazama nani kwenye ule mstari.

Naweza kumwondoa, hakuna atakayeuliza. Naweza kumwacha asimame bila neno. Naweza kulisema jina lake. Lakini shamba ni lako na kaburi ni lako. Si vyangu nivitoe. Mzee Mwinshehe bado anakuja, ameshashona kanzu mpya. Usipojibu mpaka tarehe ishirini na tano, nitamwondoa.

Mwambie dada Devotha asante. Sijui asante ya kitu kikubwa hivi inaandikwaje.

Lea

*

Rudewa
24 Juni 2025

Lea,

Mwache asimame. Ungo usiazime kwa watu.

Mwamvua

(Bibi amesema niishie hapo. Nimemuuliza mara mbili kama hakuna lingine. Amesema nikachochee moto jikoni. – Devotha)

*

Mikumi
30 Juni 2025

Shikamoo Bibi.

Uliondoka bila kuaga! Nimekutafuta nyuma ya ghala, chooni, kwa mama lishe, naambiwa umeshapanda basi na dada Devotha na umemwamuru Ditram aondoke kabla ya saa yake.

Kwa hiyo hukuona yaliyofuata. Ulipomaliza kumwaga unga, tulisikia malori yakipunguza mwendo barabarani. Mzee Mwinshehe alikuwa na karatasi ya hotuba. Aliikunja, akaiweka mfukoni. Akaniuliza, "Alisema jina gani?" Nikamwambia Kashindye. Akalirudia polepole, kama mtu anayeonja uji wa moto. Akasema, "Sisi tumelelewa kumwita Wa Njiani." Kisha akavua viatu, akauzunguka ule unga bila kuukanyaga, akatoka. Hakuniaga. Sijui amebeba nini moyoni, Bibi, na ninaogopa kwa ajili yako.

Unga bado uko pale sakafuni. Magreti amekataa usifagiliwe. Analala na ufunguo wa ghala. Ananiuliza kila mara, "Nani alimpa ruhusa?" Namwambia hakuna. Anasema, "Ndiyo maana nauliza."

Miaka yote hii nimekuwa nikiitafuta kazi ambayo mtu akiingia ataacha kunitazama mimi. Ulipoingia wewe, hata mimi nilijisahau.

Niambie kama uko salama.

Lea

*

Rudewa
6 Julai 2025

Lea,

Marahaba. Niko salama, miguu imevimba kidogo kwa basi. Sikuaga kwa sababu ningekaa ningelia mbele ya kanzu mpya ya Mwinshehe, na raha hiyo sikutaka kumpa.

Nilikuja nimejiandaa kukugombeza. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Kilosa mjini. Nimeingia mlango ule, yote yamenitoka kama maji kwenye pakacha. Sikujua utafanya kitu kikubwa hivyo. Nilidhani ni midoli. Lea, wale ni watu. Nilimkuta wa mwisho kwenye mstari, yule wa tope la mto, nikamshika mkono nikamwamkia. "Shikamoo." Nimeamkia sanamu! Mimi ambaye wote niliokuwa nawaamkia nimeshawazika. Na nikasubiri aitikie. Devotha alikuwa nyuma yangu na yeye anasubiri.

Na sikujua kuwa weusi una aina nyingi hivyo. Nimezaliwa nao, sijawahi kuutazama.

Kisha nikamfikia wako wa kumi na tatu. Nikamkagua vidole. Msokoto wa katani umekwenda kushoto. Hapa Rudewa nzima wanasokota kwenda kulia, mimi peke yangu kushoto, na waliokuwa wakinicheka wamekufa wakinicheka. Nilikufundisha wewe. Mimi nilifundishwa na nani, Lea? Nimesimama pale nikaona kwamba mkono wa Kashindye ulishafika humo kabla yangu mimi na basi la Ditram. Hukumtengeneza ukijua, na bado alijitengeneza. Mungu ni mkubwa. Mwalimu wa madrasa akisema vibaya kuhusu sanamu nitampeleka akaone vidole.

Ndipo nikaweka ungo kwenye mikono yake. Unga nilikuwa nimeufunga kwenye khanga, mtama wa shamba la mtoni, tulisaga na Devotha. Nilikuwa nimepanga niuache tu juu ya ungo, nirudi hatua tatu kama siku zote. Nimerudi moja. Miguu ikakataa ya pili. Basi nikachota, nikamwaga, nikasema jina, na la Kulwa, na la Doto. Mwambie Magreti hakuna aliyeniruhusu. Mkono tu ulikuwa umechoka kushika.

Sasa Mwinshehe. Alikuja Ijumaa baada ya swala. Akakaa kwenye kigoda, akanywa chai vikombe viwili. Nikamwongezea. Cha tatu akasema, "Dada, umenivua nguo mbele ya watu."

Nikamwambia, "Nguo nilizokuvua ni zangu. Umezivaa miaka themanini."

Akatazama mto. Akasema, "Mvua zikija, ungo atashika nani?"

"Wanao wana mikono."

Nilidhani ataondoka. Akabaki. Akaniuliza kaburi la Kashindye ni lipi hasa, maana yeye alionyeshwa kwa kidole tu, kwa mbali, utotoni. Tukaenda wote wawili, vizee viwili na fimbo. Amekata kichaka kwa mkono wake mwenyewe mpaka jiwe likaonekana. Habari ya shamba hakuitaja, na mimi sikuitaja. Nimelipalilia jana kama kawaida. Atakalosema atalisema, nitajibu siku hiyo.

Lakini neno langu la kaburi nimelibadili, na Devotha ni shahidi. Nimefikiri sana. Mama pale ndani ana watu wengi. Aliye peke yake nje ya mkonge ni Kashindye. Mtanilaza kwake. Nitakuwa nimemjazia upande mmoja, ninyi mtajua habari ya upande wa pili. Usilie. Sijafa, nina maharage jikoni.

Sasa sikiliza. Jumamosi ya kwanza ya Agosti nataka ushuke kwenye basi la Ditram, na usipite kwanza kwa marafiki zako wa Kilosa mjini. Ungo mwachie yule wa ghalani, asimame nao, mimi nimeshasuka mwingine. Wewe njoo na unga, na uusage mwenyewe, usinunue. Mlete Magreti. Hajui pa kumwaga wa kwao. Atamwaga hapo hapo, na watoto wa hapa wakimwita mzungu nitawaonyesha mwiko wa bibi yangu. Devotha na Seni wanakuja na wazee wao wa ng'ambo ya mto, watatufundisha Kashindye anaitwaje kwa heshima na lugha yake. Tutakula pamoja, na kabla hujatia kitu mdomoni umege matonge mawili.

Seni atakuja na mbuzi. Ukimpokea kabla yangu, mfunge mguuni.

Bibi yako,
Mwamvua